Siku Tuliyomfukuza Mzee Kamau Nyumbani Kwake

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo, nasikia siku yenu ya kwanza mnapewa kiti, meza na kikombe chenye jina lako. Mimi siku yangu ya kwanza nilimpima mapigo ya moyo mtu ambaye hakuwa mgonjwa.

Ilikuwa Kangemi, nyuma ya soko, katika chumba ambacho mlango wake ulifunguka nusu tu kwa sababu kitanda kilikuwa kimeuzuia. Niliingia kwa ubavu. Ndani kulikuwa na dada wawili wa tumbo moja. Mmoja amejilaza kitandani, kasukwa nywele vizuri, kapakwa mafuta, anatabasamu. Mwingine ameketi juu ya debe, macho yamezama, midomo imekauka, leso inamning'inia kama imetundikwa kwenye msumari. Nikaenda moja kwa moja kwa yule wa kwenye debe, nikamshika mkono, nikaanza kuhesabu mapigo. "Pole sana, mama. Ulianza kuugua lini?"

Yule wa kitandani akaangua kicheko hata vyuma vya kitanda vikalia. "Sista, mgonjwa ni mimi! Huyo ndiye ananiuguza!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulipotoka nje nikajua nitafukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Lakini mkubwa wangu, ambaye alikuwa ameyaona yote akiwa amesimama mlangoni, alikuwa anajipangusa machozi ya kucheka. "Ayuma," akaniambia, "leo umefanya kazi mzuri kuliko madaktari wote. Wao wanaangalia mtu ya kitandani. Wewe umeangalia ile mwingine. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Huyo ndiye Sista Kaur. Alikuwa Singasinga, mzaliwa wa Ngara, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi. Ngeli hazikumshughulisha hata kidogo, na hakuna aliyewahi kushindwa kumwelewa. Alikuwa muuguzi wa wodini kwa muda mrefu, na nyumbani kwake alikuwa akimuuguza mama mkwe wake. Kwa hiyo hospitali ilipokuwa inawaruhusu wagonjwa waende nyumbani wakiwa hawawezi hata kujigeuza, halafu inashangaa mbona wanarudi baada ya muda mfupi na vidonda vya mgongoni, yeye aliwauliza wakubwa, "Mnapeleka huyu kwa nani? Huyo mtu anamngoja nyumbani analala saa ngapi? Mgongo yake iko sawa?" Basi wakampa kaofisi chini ya ngazi, wakampa na mimi.

Kazi yetu ilikuwa kutembelea nyumba na kujua hao wanaouguza watu wao bila kulipwa, wake, waume, mabinti, wakwe, wanahitaji kusaidiwa wapi. Tulikuwa na karatasi ya maswali iliyotungwa na watu ambao nadhani hawajawahi kuosha mtu mzima. Swali la kwanza lilisema: "Unahitaji msaada gani?" Nisikilizeni vizuri. Hilo swali ni bure kabisa. Ukimuuliza mtu anayemuuguza mamake anahitaji msaada gani, atakuambia, "Hakuna shida." Akisema ana shida, itaonekana analalamikia mamake mzazi. Nani atasema hivyo mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe?

Sista Kaur aliniambia nitie ile karatasi mkobani. Alinifundisha kuuliza habari za jana. Jana ulikula nini? Ulikula umekaa au umesimama? Viatu vyako vya kutokea viko wapi? Ukiletewa viatu vina utando wa buibui ndani, huna haja ya kuuliza mengi zaidi. Alinifundisha pia kuomba viazi nimenye. Mtu akiona unamenya viazi vyake, ulimi wake unalegea. Nimemenya viazi vya magharibi yote ya Nairobi mimi, kutoka Kangemi mpaka Waithaka, na nimesikia mambo ambayo kalamu haingesikia.

Sasa hiyo Waithaka ndiyo nataka niwasimulie.

Jumatatu moja alikuja ofisini kwetu mwanamke kijana aliyevaa suti nzuri, viatu vya kisigino, na uso wa mtu ambaye hajalala. Jina lake Wairimu. Alifanya kazi ya benki mjini na aliolewa Karen, ule mtaa wa matajiri. Mamake, Nyokabi, alikuwa amepigwa na kiharusi miezi kadhaa iliyopita. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka kwa shida. Aliyemuuguza ni babake Wairimu, Mzee Kamau, fundi wa mawe aliyestaafu.

"Hataki mtu amsaidie," Wairimu akasema. "Nimeajiri wasichana, anawarudisha. Juzi nimefika nikakuta sufuria imeungua imekuwa makaa, moshi umejaa nyumba, na yeye amelala kwa kiti. Mama alikuwa anagonga ukuta kwa mkono, na baba hasikii! Jumamosi nakuja kumchukua mama. Nimetayarisha chumba Karen. Nyinyi mumwambie baba, kwa sababu mimi hanisikii."

"Na yeye atabaki na nani?" Sista Kaur akauliza.

Wairimu akatazama mikono yake. "Sijui. Hata sijui kama atabaki."

Kesho yake tulienda. Kigari cha Sista Kaur kilikuwa kile cha zamani chenye mgongo wa kobe, na yeye alikiendesha kana kwamba barabara nzima ni ya babake. Boma lilizungukwa na ua wa kayaba, ile miiba mirefu, na nyumba ilikuwa ya mawe aliyoyachonga Mzee Kamau mwenyewe, imenyooka vizuri mno. Mzee alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mkubwa wa mifupa, lakini koti lilimpwaya, na ndevu zilikuwa zimemea kila upande kama nyasi za kando ya reli.

Mama Nyokabi alikuwa ameketishwa kitandani, ameegemezwa mito. Uso wake upande mmoja ulikuwa umeshuka, na upande wa pili ulikuwa na jicho kali linaloona kila kitu.

"Mama, umelalaje?" nikamuuliza.

"Amelala vizuri," Mzee Kamau akajibu.

"Unasikia maumivu mahali?"

"Mguu, lakini si sana," akajibu Mzee.

Sista Kaur akaingilia. "Mama, jina yako ni nani?"

"Nyokabi," akajibu Mzee Kamau, tena kwa haraka, kama mwanafunzi anayejua.

Nilimwona Mama Nyokabi akifumba lile jicho zima na kushusha pumzi.

Sista Kaur akasimama. "Mzee, nimesikia uko na ng'ombe. Mimi napenda ng'ombe sana. Twende unionyeshe." Jamani, Sista Kaur alikuwa anaogopa ng'ombe kupita kiasi! Lakini alimshika Mzee mkono akamvuta mpaka nje, huku akinikonyeza.

Nikabaki na mama. Nikavuta kiti karibu. Akakusanya nguvu, midomo ikahangaika, kisha akasema, "Mto... e."

Nikaruka. Nikachukua mto kutoka kiti cha pembeni, nikamwekea mgongoni. Akausukuma kwa mkono wake mzima.

"Mto-e," akarudia.

"Mwingine? Laini zaidi?" Nikachukua wa pili. Akautupa chini. Nilikuwa naelekea kuchukua wa tatu alipovuta pumzi yote ya kifua chake. "M-toe! M-toe huyo!"

"Nani, mama?"

Akaelekeza kidole mlangoni, alikopitia mumewe akitoka.

Vijana, nilikaa chini. Nikauma mdomo nisicheke, kisha nikamwona na yeye bega la kushoto linatikisika. Tukacheka wote wawili, kimya kimya kama watoto kanisani. Halafu akanieleza, neno moja moja, na mimi sikumharakisha.

"Uji," akasema. "Asubuhi uji. Mchana uji. Mimi... nina meno." Akanionyesha. Alikuwa nayo, tena mazuri. "Nikikohoa... yuko. Nikigeuka... yuko. Wanawake wakija... anajibu yeye. Nataka kuongea... mambo ya wanawake."

"Na Karen? Wairimu anataka kukupeleka kwake."

"Karen nitaongea na nani? Na mbwa?"

Kisha ule ucheshi ukamtoka. Akanishika mkono kwa nguvu. "Halali usiku. Ananiangalia... mpaka atakufa mbele yangu. Nikimwambia aende... analia."

Huko nje, Sista Kaur alikuwa amesimama mbali na ng'ombe, amekumbatia mkoba wake kama ngao. Mzee Kamau alikuwa akimweleza habari za maziwa. Alisema, "Huyu akipata majani mazuri, asubuhi anatoa..." na hapo hapo, akiwa amesimama, ameegemea nguzo ya zizi, akalala. Sista Kaur alingoja asikie ng'ombe anatoa nini, asisikie. Alipomgusa bega, Mzee akaendelea, "...ya kutosha," kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilipowafikia, Sista Kaur alikuwa ameshamuuliza habari za viatu vya kutokea, na Mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

"Siku ile alianguka," alikuwa akisema, "mimi nilikuwa hapa tu madukani. Nilikuwa nakunywa chai na wenzangu. Tunacheka. Nikarudi nikamkuta kwa sakafu. Sijui alikaa hapo muda gani, akiniita. Tangu hiyo siku nilisema sitoki tena. Nikitoka, ataanguka."

Sista Kaur hakusema pole. Alimtazama usoni. "Mzee, damu ilipanda kwa kichwa yake. Hiyo damu haikuuliza kwanza wewe uko wapi. Hata ungekuwa umemshika mkono, angeanguka. Mimi nimekuwa wodi miaka mingi, nimeona watu wanaanguka mbele ya daktari."

"Hata mbele ya daktari?"

"Daktari akiwa na kipimo kwa shingo!"

Mzee Kamau akakaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa ile mikono yake mikubwa. Tulimwacha alie. Hiyo pia muijue: mtu akianza kulia, usimkimbilie na maneno. Ng'ombe aliendelea kula.

Mchana huo tulifanya kazi. Nilimfundisha Mzee kumgeuza mkewe kwa kutumia shuka lililokunjwa chini yake, mtu anavuta shuka, havuti mkono wa mgonjwa, na mgongo wa mwenye kuvuta unapona. Tulimwambia mama anaweza kutafuna, mradi chakula kiwe laini na aketi wima. Na Sista Kaur akaenda kwa Mama Gathoni, jirani aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, akauliza mbona hawaji.

"Tulikuja!" Mama Gathoni akasema kwa uchungu. "Baba Wairimu anatuambia mgonjwa amelala. Anatuonyesha kwa kidole tunyamaze. Mpaka tukaona aibu."

"Jumamosi mje wote," Sista Kaur akasema. "Na yeye tutamfukuza."

Tukiwa garini nikamuuliza, "Sista, si Jumamosi ndiyo Wairimu anakuja kumchukua mama?"

"Ndiyo," akasema, akilipita lori kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. "Acha aje aone mwenyewe."

Jumamosi akina mama walifika na vikapu, sufuria za mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, sindano za kufuma na kelele. Mzee Kamau, aliyekwisha kukubali kwenda kuwaona wenzake madukani, alikuwa amevaa koti na kofia, na viatu vya kutokea tulikuwa tumevipangusa. Alitoa maagizo. Kikombe ni kile cha bluu, si kile chekundu. Dirisha lifunguliwe kidogo, lakini si sana. Akikohoa ainuliwe. Akinyamaza aulizwe. Akina mama walisema, "Sawa, Baba Wairimu," mpaka wakachoka kusema. Akaenda.

Akarudi. Alikuwa amesahau kitambaa cha mkononi.

Akaenda tena, akafika langoni, akarudi kutuambia habari ya dawa ambayo tulikuwa tumempa sisi wenyewe.

Akaenda. Tukamngoja, hakurudi. Tukaanza kupakua chakula. Ndipo Mama Gathoni akaelekeza kijiko dirishani. Juu ya ua wa kayaba, kofia ya Mzee Kamau ilikuwa inatembea polepole, inasimama, inageukia dirisha, inatembea tena. Akina mama walianza kujikunja kwa kicheko, mmoja akaziba mdomo kwa mtandio. Mama Nyokabi aliona tunatazama nini. Akajisukuma kwa mkono wa kushoto, akaketi wima, na kutoka kwenye kile kinywa kilichokuwa kinatoa maneno kwa matone, ikalipuka sauti ya mwanamke aliyeuza mboga sokoni maisha yake yote:

"ENDA!"

Kuku wakatawanyika. Upande wa pili wa ua tulisikia mtu akiruka, miiba ikivunjika, kisha hatua za mtu mzima anayekimbia. Kofia ilibaki imenasa kwenye miiba. Hakurudi kuichukua.

Sijui kama mmewahi kuona chumba cha mgonjwa kikigeuka kuwa harusi. Mama Nyokabi alikula mukimo kwa meno yake yote. Aliulizwa na akajibu mwenyewe, na neno likikawia wenzake walingoja. Alisimulia jambo fulani kuhusu mwanamke fulani wa sokoni, kisa ambacho siwezi kukirudia hapa kwa sababu wajukuu wa huyo mwanamke bado wako Waithaka, na Sista Kaur alicheka mpaka akaomba maji.

Wairimu akaingia katikati ya kicheko hicho, amebeba blanketi mikononi, gari lake limeegeshwa langoni.

"Baba yuko wapi?"

"Tumemfukuza," Sista Kaur akasema.

"Mmem... Mgonjwa ameachwa, na nyinyi mnacheka? Mimi nilikuja kwenu mnisaidie!" Sauti yake ilianza kupasuka.

"Wairimu," Mama Nyokabi akasema. "Keti. Ule. Umekonda."

Wairimu alisimama pale pale. Baadaye aliniambia tangu kiharusi hakuwahi kusikia mamake akimaliza sentensi. Siku zote babake alimalizia. Blanketi zikateleza zikaanguka. Akaketi sakafuni juu ya hizo blanketi akiwa na suti yake nzuri, akaweka kichwa kitandani. "Mama, mimi pia silali," akasema. "Simu ikilia ofisini, najua ni wewe. Kila simu. Hata ya mtu anayeuliza bei ya dola."

Mama Nyokabi akamwekea ule mkono mzima kichwani. "Karen sitaki. Lakini Jumapili... njoo. Uje umfukuze wewe."

Basi wakapanga, na mimi nikamenya viazi vya jioni. Jumamosi ni za akina mama. Jumapili ni za Wairimu. Chakula cha jioni kitatoka kwa Mama Gathoni, Mzee asiwashe jiko akiwa na usingizi. Kila mtu aliridhika, mpaka jua lilipoanza kuteremka upande wa Ngong na Mzee Kamau hajarudi.

Mama Nyokabi akawa anatazama mlango. Akamkatiza Mama Gathoni katikati ya hadithi. "Yuko wapi huyu?" Baada ya muda kidogo, "Mmempeleka wapi?" Sista Kaur alikuwa ameshatafuta funguo za gari aende madukani, na kusema kweli sote tulikuwa tumeanza kuogopa, tuliposikia lango.

Mzee Kamau aliingia bila kofia, macho maangavu, amejinyoosha kama mtu wa miaka ishirini nyuma. Shavu lake la kulia lilikuwa safi kabisa, linang'aa, linanukia sabuni. Shavu la kushoto lilikuwa na zile ndevu zote, kama tulivyomkuta Jumanne.

Wairimu akaangalia shavu hili, akaangalia na lile.

"Nilienda kwa kinyozi," akaeleza. "Akanipaka povu, akanyoa huku. Alipotaka kugeuza kichwa, kumbe nimelala. Alijaribu kuniamsha akashindwa. Amenyoa watu wote wa mchana kwa stuli, mimi niko kwa kiti. Nimeamka sasa hivi, yeye anafunga."

Mama Nyokabi akamgeuzia uso wake huo ulioshuka upande mmoja. Kisha akasema, vizuri kabisa, bila kukwama:

"Sasa tumefanana."

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka Wairimu akicheka kwa kwikwi pale sakafuni, Mama Gathoni akigonga ukuta, Sista Kaur akiwa ameketi kwenye kikapu cha mtu. Mzee Kamau alicheka mwisho, polepole, akijishika lile shavu lenye ndevu, kisha akaenda kuketi kando ya kitanda cha mkewe.

Wairimu akavua viatu vyake vya kisigino. Akatia maji ya moto kwenye karai, akatafuta sabuni na wembe wa babake, akamfunga taulo shingoni. Wengine tulikuwa tunakusanya sufuria. Nilipotoka nilimwacha amemwinamia babake, anamnyoa taratibu, na Mama Nyokabi akiwa juu ya mito yake anasimamia kazi.

"Hapo chini ya sikio," alikuwa akisema. "Umeacha."